Mabenchi ya Mkorosho

Waliotunga methali isemayo ukiona vyaelea, vimeundwa walikuwa wakitazama vyombo majini, lakini nadhani walikuwa na majirani pia. Maana yake ni nyepesi. Kizuri unachokiona kwa mwenzako hakikuota kama uyoga, bali kuna mkono uliokihangaikia kabla jicho lako halijakifikia. Sote tulifundishwa methali hii shuleni, tukaijibia mtihani na kupata alama, kisha tukarudi nyumbani kuwaonea jirani zetu kijicho kana kwamba hatukuwahi kuisikia. Kadzo naye alifundishwa hivyo. Yaliyompata ni haya.

Kadzo alikuwa akiishi Kibuyuni pamoja na mumewe, Baya, na binti yao, Maryanne. Ng'ambo ya ua wa makuti aliishi Mbodze, ambaye mumewe, Garama, alikuwa askari wa lango katika hoteli moja ya Diani na alirudi nyumbani mara chache. Wanawake hawa wawili walikuwa wakilima mwani pamoja, wakisali kanisa moja, wakiazimana chumvi na viberiti. Kadzo alikuwa mkubwa kwa umri, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa nyumba ya watu. Chama cha wakulima wa mwani kilikutana kwake, jumuiya ya kanisa ilisali kwake, na mikeka yake ilijulikana kijiji kizima. Alipenda kuitwa mwenyeji. Alipenda kuamua nani amiminiwe chai kwanza.

Basi masika moja upepo uliuangusha mkorosho mkubwa uliokuwa umesimama mpakani mwao. Kwa kuwa mti ulikuwa wa wote wawili, Baya alishauri ugawanywe, na kwa heshima ya umri Kadzo akaambiwa achague kwanza. Akachagua matawi. Yalikuwa manene na mengi, akaita wachoma makaa, na kwa muda jiko lake halikuzimika. Mbodze akaachiwa gogo, likiwa limelala kwenye tope kama kiboko aliyeshiba. Watu walimwonea huruma.

Mbodze hakujionea huruma. Marehemu baba yake alikuwa mchonga mitumbwi huko Vanga, na mtoto wa mchonga mitumbwi halitazami gogo kama watu wengine. Aliwaita wapasuaji wawili wakalipasua mbao kwa msumeno wa mkono. Akajipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni ili utomvu usimbabue, akabandua magome yote kwa panga, hata yale mabaki membamba ya pembeni. Kisha akazipakia mbao kwenye mkokoteni, akazipeleka mikokoni, akazizamisha kwenye matope maji yalipokupwa na kuzigandamiza kwa mawe.

Kadzo na wenzake walikuwa wakirudi kutoka kwenye kamba za mwani walipomkuta huko, matope yakiwa yamemfika kiunoni, akisukuma ubao chini kwa mikono miwili.

"Mama Tsofa," Kadzo akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hizo mbao zimekukosea nini hata unazizika?"

"Zinaoga," akajibu Mbodze, akacheka.

Hakueleza zaidi kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kujaa na bado alikuwa na mbao ufukweni. Kadzo alihisi amedhihakiwa. Aliondoka akiwa amenuna, na hakuuliza tena.

Mbao zilioga msimu mzima wa kusi. Mbodze alikuwa akipita kuzikagua kila alipokwenda kwenye mwani, akirudisha jiwe lililosukumwa na maji, akigeuza ubao ulioinuka. Zilipoingia mvua za vuli alizitoa, akaziacha zinyeshewe hadi chumvi ikatoka. Baadaye akazipanga kivulini nyuma ya jiko, kijiti baina ya ubao na ubao ili upepo upite, akawa anazipindua mara kwa mara kama mtu anayeanika samaki. Ulipita karibu mwaka mzima tangu mti uanguke, na kila aliyechungulia kule nyuma ya jiko aliona mbao tu, zimekaa. Kadzo aliona mbao tu. Alisema moyoni, huyu naye, kuni za bure zinamwozea.

Kisha Mbodze akatoa randa na patasi za marehemu baba yake. Alitoboa matundu, akachonga ndimi za miguu zikaingia matunduni na kukaza bila msumari hata mmoja. Akapiga msasa jioni kwa jioni. Siku alipozitandaza kazi zake uani, palikuwa na meza ndefu moja na mabenchi manne, yote yana rangi ya chai isiyo maziwa, nyororo kiasi kwamba leso ingeteleza juu yake isikwame popote.

Hapo ndipo nyumba ya watu ilipohama.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwenyekiti wa chama alikuwa mama mzito wa magoti, na kukaa mkekani kulimtesa. Akaomba kikao kifanyike kwa Mbodze, mara moja tu. Mara moja ikawa mara mbili. Jumuiya ikafuata. Mzee mmoja alipofariki, matanga yakaazima mabenchi, na waliofika kutoka Shimoni wakauliza ni ya fundi gani. Mikeka ya Kadzo ikakunjwa, ikasimamishwa pembeni mwa kabati, panya wakaanza kuitafuna.

Kadzo alishikwa na wivu. Sisemi alisononeka kidogo au alijisikia vibaya, la. Ulikuwa wivu hasa, ule wa kumkosesha mtu ladha ya chakula. Asubuhi akifungua mlango jicho lake lilivuka ua lenyewe, bila kutumwa, kwenda kuhesabu waliokaa. Akisikia vicheko upande wa pili alidhani anachekwa yeye. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mti ulikuwa mmoja. Angekuwa amechagua gogo, angekuwa yeye. Fungu lake alilichoma, akalipikia maharage, na halikubaki hata jivu la kusugulia sufuria.

Kwa kuwa hakuweza kujilaumu, akamtafutia mwenzake lawama. Siku moja wakifunga mwani kwenye kamba, aliwasogelea wanawake, akashusha sauti.

"Nyinyi mlimwona mikokoni kwa macho yenu. Mtu anazika mbao matopeni, anazitembelea kama mgonjwa hospitali, kisha zinatoka zikiwa hivyo. Mkorosho gani mnaoujua nyinyi usiotoa utomvu? Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba kule mikokoni kuna wenyewe."

Kwa wenyewe alimaanisha majini, na kila mtu alimwelewa. Wanawake wakatazamana. Ni Veronicah, karani wa chama, mtu wa bara aliyeolewa na mpishi wa hoteli, aliyejibu kwanza.

"Aki Mama Maryanne, kama majini ndio wanatengeneza viti poa hivyo, waambie wanitengenezee kitanda."

Wakacheka wote, maneno yakapita. Lakini yalipita kama moshi upitavyo, yaani yaliacha harufu. Yakamfikia Mbodze. Tangu siku hiyo hakuomba tena chumvi ng'ambo ya ua.

Kadzo hakuacha kwenda kwenye vikao, maana asingekwenda angekosa habari. Alikwenda, akasimama. Wenzake walikaa kwenye mabenchi, yeye akaegemea nguzo nyembamba ya baraza tangu sala ya kufungua mpaka sala ya kufunga. Akikaribishwa kiti alisema, "Mgongo wangu haupatani na mbao." Akirudi nyumbani miguu ikimwaka, alimwambia Baya amkande.

"Si ungekaa tu," Baya akasema, akimkanda.

"Kanda, usiseme."

Hali ilikuwa hivyo wakati mshenga alipofika na habari njema. Seth, kijana aliyekuwa karani huko Kwale, alikuwa akitaka kumposa Maryanne. Baba yake, Mzee Mwinga, mfugaji wa upande wa Lunga Lunga, angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi pamoja na jamaa zake. Pamoja nao angekuja shangazi yake Seth, na mshenga alilitaja jina la shangazi kwa sauti ya chini, kwa kuwa katika ukoo ule posa zote zilikuwa mikononi mwake. Akikubali, imekubaliwa. Akiinuka, wote huinuka.

Maryanne alimpenda Seth, na mama yake alilijua hilo. Kadzo alifurahi kwa ajili ya binti yake. Lakini furaha yake ilikuwa na kijiti ndani. Wageni wale wangekaa wapi?

"Tutaazima mabenchi ya jirani," Baya akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo kabisa. "Ni hapo tu."

"Wakwe zangu hawatakalia vya Mbodze."

"Basi tutandike mikeka. Mimi nilikuposa nikiwa nimekaa juu ya kinu."

"Ulikuwa na bahati hukufukuzwa. Shangazi yule akija, nataka aone nyumba hii ina wenyewe. Akiulizwa huko kwao alipokaa, ajibu alikaa kwa Kadzo, kwenye viti vya Kadzo."

"Mama," Maryanne akaingilia kati, "mimi nafuata mtu, sifuati viti. Nakuomba tuazime."

Kadzo aligeuza uso. Jicho lake lilikuwa limekwisha kutoka dirishani, limetua kwenye mkorosho wao mwingine, ule wa nyuma ya nyumba, ambao ulikuwa bado unazaa mabibo.

Kesho yake alikwenda kwa Mbodze, mara ya kwanza kwa muda mrefu bila ya kikao. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaletewa chai. Mbodze alipoingia jikoni kufuata kitumbua, Kadzo alivua leso ya begani, akainyoosha juu ya benchi, akafunga fundo pale ubao ulipokoma. Akainama, akapima mguu. Akapitisha kidole chini ya ubao kutafuta misumari, hakuipata. Alipoinua kichwa, Mbodze alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Ukitaka kujua, Mama Maryanne, niulize," Mbodze akasema. "Mbao zina siku zake. Si kupima urefu tu."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na aliyeufungua alikuwa amesingiziwa majini. Lakini Kadzo alisikia majivuno mahali ambapo hapakuwa na majivuno.

"Nikuulize nini? Nilikuwa naikunja leso yangu," akasema, akanywa chai yake ikiwa moto mpaka ulimi ukababuka, akaaga.

Mkorosho wa nyuma ya nyumba ulikatwa wiki ile ile. Baya aliukata bila raha, mabibo yakimwangukia mgongoni. Wapasuaji wakaupasua, na mbao zikatoka mbichi, nzito, zenye unyevunyevu unaonata. Kadzo mwenyewe alishika nyundo. Nampa haki yake, hakuwa mvivu. Alipiga misumari siku kadhaa, tangu asubuhi mpaka mchana, akajipiga kidole gumba, akakinyonya na kuendelea. Magome aliyabandua yale ya juu yanayoonekana, na ya pembeni na ya chini akayaacha, kwa sababu nani atapiga magoti kutazama chini ya benchi?

Baya alinusa ubao mmoja, akasugua vidole vilivyonata.

"Mke wangu, mkorosho mbichi una utomvu. Doa la mkorosho si la kufuliwa, hata mtoto mdogo anajua. Mimi shati langu moja la utotoni mama alilifanya tambara la jikoni."

"Vya Mbodze ni mti gani?"

"Mkorosho."

"Na pasaka kitambaa cheupe cha kanisa hakikutandikwa juu ya meza yake? Kilishika doa?"

Baya alifikiri. "Hakikushika," akakiri.

"Basi."

Kadzo alinunua vanishi Ukunda, ile ya kung'aa, akaipaka mara mbili. Ijumaa jioni mabenchi manne yalikuwa yamepangwa uani, yakimetameta kuliko ya Mbodze. Yanang'aa, alijisemea, na ya yule hayang'ai. Aliwaalika majirani wote kwenye posa isipokuwa mmoja. Halafu akatoa makuti mawili kwenye ua, upande ule, ili yule asiyealikwa aone vizuri.

Jumamosi jua la kaskazi liliwaka tangu mapema. Wageni walifika wamependeza. Mzee Mwinga alivaa suruali ya kijivu mpya na kofia, vijana wake mashati meupe, na shangazi alikuwa na gauni la rangi ya krimu lililoshonwa kwa ajili ya siku ile. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa.

"Shikamooni," Kadzo akasema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mwenyeji wetu. Mmetupangia viti kama vya hoteli," shangazi akajibu, akakaa.

Neno lile mwenyeji lilimwingia Kadzo kama maji ya madafu. Alizunguka akiwa na birika, akaamua nani amiminiwe kwanza. Kila alipopita kwenye pengo la ua alipunguza mwendo. Mshenga alisema ya kwake, Mzee Mwinga akasema ya kwake kwa mafumbo ya wafugaji, kwamba wamemwona ndama mzuri katika boma hili, na wazee wa upande wa Baya wakajibu kwamba ndama hatolewi kwa kuonwa tu. Watu wakacheka. Jua likapanda. Jasho likatoka. Chini ya vanishi mbao zikaanza kupata joto, na kilichokuwamo ndani yake kikatafuta njia ya kutoka.

"Kabla hatujamwita binti," mshenga akasema, "tusimame tumwombe Mungu."

Wakasimama. Ilisikika sauti ya kitu kinachobanduka, kama plasta ikitoka kwenye kidonda, benchi zima kwa mpigo. Kijana mmoja aliinuka na benchi likainuka naye kidogo kabla halijamwachia. Sala ilisaliwa, lakini sidhani kama kuna aliyeisikia, kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama aliye mbele yake kwa nyuma.

Gauni la krimu lilikuwa na mistari miwili ya rangi ya kahawia, mipana, inayozidi kuwa myeusi kadiri upepo ulivyoipiga. Suruali ya Mzee Mwinga ilikuwa imelowa gundi ya vanishi na utomvu. Mashati marefu ya vijana yalikuwa vilevile. Shangazi alijipapasa, akaleta vidole puani.

"Mkorosho," akasema taratibu. "Mbichi."

Kila mtu akajipapasa nyuma. Kadzo alisimama na birika mkononi akiomba ardhi ipasuke. Kutoka ndani ya nyumba ilisikika kwikwi ya Maryanne, aliyekuwa akichungulia dirishani akisubiri kuitwa.

"Kwetu," Mzee Mwinga akasema, akivua kofia, "mtu akipakwa doa kwenye posa hurudi nyumbani kwanza, akauliza wazee ni ishara gani."

"Si ishara, mzee wangu," Baya akasema. "Ni haraka tu. Mtusamehe."

Shangazi alimtazama Kadzo. "Gauni ni gauni, mama. Lakini posa haisemwi watu wakiwa wima kama punda sokoni, na juu ya vile mimi sirudi. Kama mnapo pa kutukalisha, tukalisheni. Kama hamnapo, tutakwenda, na sijui kama tutarudi."

Mikeka, Kadzo akawaza, akakimbilia pembeni mwa kabati. Aliukunjua mmoja na vumbi la panya likamwagika, katikati pana tundu la kupita paka. Akaurudisha. Maryanne alikuwa amekaa kitandani, uso umevimba, na hakumwambia mama yake neno lolote. Lile la kutoambiwa neno ndilo lililomtoa Kadzo nje kwa mlango wa nyuma.

Mbodze alikuwa uani kwake akipindua mwani juani. Alikuwa amesikia kila kitu. Angekosaje kusikia, na ua ulikuwa na pengo?

"Hodi, Mama Tsofa."

"Karibu."

"Nimekuja kuomba mabenchi."

Mbodze aliendelea kupindua mwani. "Nilisikia mabenchi yangu yana wenyewe. Utawakalisha wakwe zako juu ya majini?"

Kadzo alifungua kinywa ili aseme sikusema mimi, ni watu. Maneno hayo alikuwa nayo tayari, ameyaweka tangu zamani. Yalikataa kutoka.

"Nilisema mimi," akasema. "Hapana majini. Ni wivu, Mama Tsofa. Wivu ulinijaa hadi hapa, nikashindwa kukaa kwenye kiti chako, nikashindwa kukuuliza. Mwanangu analia ndani. Nihukumu kesho, leo nipe."

Mbodze alijifuta mikono. Hakuwa malaika, na uso wake haukulainika.

"Yachukue. Lakini mimi sikubebei, wala asikubebee mumeo. Mbao hizi nilizibeba mwenyewe kwenda baharini na nikazibeba kurudi. Beba na wewe, angalau hapa ng'ambo ya ua."

Kadzo akajitwika la kwanza. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kwa miezi alikuwa ameyaona mabenchi yale yakikaliwa, hakuwahi kufikiri kwamba yana uzito. Akapita nalo mbele ya wakwe, shingo imekaza, jasho likimtiririka kifuani. Baya alipotaka kumsaidia, alitikisa kichwa. Akaliweka, akarudi. Wageni walisimama wakitazama mwenyeji wao akienda na kurudi kama mchukuzi wa bandarini, mpaka la nne lilipotua. Kisha akaleta leso zake zote nzuri, akawafunga wageni viunoni mmoja mmoja, akianzia kwa shangazi.

Shangazi hakukaa upesi. Alipapasa ubao, akaugeuza uso wa chini, akatazama ndimi zilivyoingia matunduni.

"Huu nao ni mkorosho," akasema. "Umeuunda wewe?"

Hapo pangewezekana uongo mdogo. Baya alimtazama mkewe. Veronicah alitazama mchanga.

"Hapana," Kadzo akajibu. "Ni wa jirani yangu, Mbodze. Mti tuligawana mmoja, mimi nikauchoma makaa. Yeye aliuzamisha matopeni kusi nzima utomvu ukaisha, akauacha unyeshewe, akaukausha. Nilimwona. Nilimwona kwa macho yangu kila hatua, nikaenda kumtangaza mchawi. Haya niliyowakalisha nyinyi niliyapiga misumari kwa siku chache, ili nisimwombe."

Shangazi alimsikiliza bila kupepesa. Kisha akakaa, akajinyoosha mgongo.

"Mwite huyo jirani yako."

Mbodze alikuja akiwa bado na leso ya kazi, magamba ya chumvi mikononi. Alipewa nafasi katikati.

"Posa inaendelea," shangazi akasema. "Kijana wetu na binti huyu hawakukata mkorosho wowote. Lakini mimi nimeshona gauni nikavunjiwa heshima, na siwezi kusemezana leo na mama aliyenikalisha juu ya hasira zake. Wa kusema nasi kwa niaba ya nyumba hii awe huyu. Mtu anayejua kungoja ubao, neno lake juu ya mtoto nitaliamini. Mnakubali, au tuinuke?"

Watu wote walimtazama Kadzo. Kiti cha mama msemaji ndicho alichokuwa amekikatia mti. Ndicho alichokipigia misumari, akakipaka vanishi mara mbili. Wivu ulimpanda kwa mara nyingine, moto vilevile kama siku ya kwanza, kwani wivu haufi kwa kuungamwa mara moja. Akageukia nyumba. Dirishani aliona vidole vya Maryanne vimeshika nondo.

"Nakubali," akasema.

Akatafuta pa kukaa, na palipobaki palikuwa mwisho wa benchi, karibu na vyombo. Akakaa. Mgongo wake ulipatana na mbao vizuri kabisa. Kutoka pale alimsikiliza Mbodze akimsema Maryanne, jinsi mtoto yule anavyoamka mapema, jinsi anavyowasalimu wakubwa, jinsi alivyomuuguza bibi yake bila kuchoka, na hakuongeza wala hakupunguza. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, mwishowe akamwita binti atoke. Vigelegele vikapigwa. Chai ikaletwa, na Mbodze ndiye aliyeulizwa nani amiminiwe kwanza. Akasema apewe Mzee Mwinga, na wa pili shangazi. Kadzo alimimina.

Wageni walipoaga, shangazi alimshika Mbodze mkono kwa muda mrefu, kisha akampa Kadzo mkono pia, kwa kifupi, akasema gauni atalikata mifuko ya unga. Kadzo aliwasindikiza hadi njiani, akarudi peke yake uani ambako mabenchi manane yalikuwa yamesimama pande mbili. Yote yalitoka kwenye mikorosho, na yalikuwa na urefu mmoja, maana aliyapima kwa leso yake mwenyewe. Ambayo hakuwa ameyapima ni yale yote yaliyofanyika kabla benchi halijawa benchi, na hayo yalikuwa yamemgharimu nafasi yake katika siku kubwa kuliko zote za mwanawe. Kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.